Damu ya Chooni Ipimwe Kwanza

Mtu wa Rudewa, wilayani Kilosa, akiona damu kwenye choo, majibu huwa yako tayari kabla hajanawa mikono. Ni amiba. Au ni kichocho, maana msimu mzima ameshinda kwenye majaruba ya mpunga, maji yakimfika magotini. Au ni bawasiri, ambayo wengi huiita mgolo, na mzee wa jirani anaujua mzizi wake. Mara nyingi mojawapo ya majibu hayo huwa la kweli. Amiba hutoa damu, kichocho cha tumbo hutoa damu, bawasiri hutoa damu. Ndiyo maana ugonjwa wa nne, usiotajwa, hupata mahali pazuri pa kujificha: saratani ya utumbo mpana na puru, yaani ile sehemu ya mwisho ya utumbo kabla ya njia ya haja kubwa.

Takwimu za dunia za 2022 zinaonyesha kuwa saratani hii iliwapata watu zaidi ya milioni 1.9 kwa mwaka mmoja, na ikaua takriban 900,000. Ni ya tatu kwa wingi wa wagonjwa na ya pili kwa kuua. Hapa kwetu ilihesabiwa kwa muda mrefu kuwa ugonjwa wa nadra, wa Wazungu na matajiri wa mjini. Hali imebadilika. Mtafiti Lillian Katalambula na wenzake walipopitia mafaili ya hospitali za Muhimbili na Ocean Road, Dar es Salaam, ya miaka ya 2005 hadi 2015, walikuta wagonjwa wakizidi kuongezeka.

Naandika kwa ajili ya watu wa Rudewa, Kimamba, Msowero, Kilosa mjini na Mikumi, kwa sababu kuna jambo moja ambalo wanasayansi wa vinasaba wameligundua na ambalo lingefaa kujulikana katika kila kaya: saratani hii huchukua miaka mingi kujengeka. Muda huo ni mali ya mgonjwa. Anayeupoteza ni yule anayeipa damu jina bila kuipima.

Ukifika zahanati

Anza na zahanati ya kijiji, usianze na duka la dawa. Mhudumu atataka kujua damu ilianza lini, ni nyekundu mbichi au choo chenyewe ni cheusi na kinanata, kuna maumivu au hakuna, umepungua uzito, na kama kuna mtu katika ukoo aliyeumwa saratani ya utumbo au ya mji wa mimba. Yajibu yote bila kuficha. Usiseme "tumbo linasumbua" ukanyamaza hapo. Taja damu.

Kipimo cha choo kwa hadubini kitaonyesha kama kuna amiba au mayai ya kichocho. Vikionekana, utapewa dawa, prazikwanteli kwa kichocho na metronidazo kwa amiba. Meza dozi yote. Sasa sikiliza hapa, maana ndipo wengi wanapopotelea: kupatikana na kichocho hakumaanishi kwamba damu yote inatoka kwenye kichocho. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Dozi ikiisha na damu bado ipo, au ikikoma kisha ikarudi, rudi kwa mhudumu, hata kama safari ya kwanza alionekana kuwa na hakika kabisa. Omba uchunguzi zaidi. Mtu aliyemeza dawa za amiba mara tatu mfululizo na bado anatoka damu hahitaji dozi ya nne. Anahitaji rufaa.

Bawasiri nayo ina mtego wake. Damu yake ni nyekundu, hudondoka baada ya haja, na mara nyingi haiumi. Uvimbe wa puru unaweza kutoa damu ya namna hiyohiyo. Kwa macho ya mgonjwa hakuna tofauti. Tofauti huonekana kwa kipimo cha kidole: daktari huvaa glovu, hupaka mafuta, na kupapasa ndani ya puru kwa dakika isiyozidi moja. Hakigharimu mashine wala umeme, na uvimbe ulio chini kwenye puru unaweza kugundulika papo hapo. Najua aibu iliyopo. Najua baba mtu mzima anavyosita mbele ya tabibu kijana, na mama anavyosita mbele ya mwanamume. Una haki ya kuomba mhudumu wa jinsia yako, au muuguzi akae pembeni, au pazia livutwe. Lakini usiondoke bila kipimo hicho. Na tabibu akikuandikia dawa ya bawasiri bila kukupima, muulize kwa heshima: "Daktari, huwezi kunipima kwanza?"

Damu si dalili pekee. Angalia mwenendo wa choo unaobadilika kwa wiki kadhaa bila sababu, mara kuharisha, mara kufunga. Angalia choo kinachotoka chembamba kuliko kawaida, na ile hali ya kutoka chooni ukijihisi hujamaliza, ukarudi, ukakuta hakuna kitu. Kupungua uzito bila kufunga wala kuumwa kitu kingine. Tumbo linalojaa na kukata.

Ipo dalili nyingine ambayo haionekani chooni kabisa. Uvimbe ulio upande wa kulia wa utumbo mpana huvuja damu kidogo kidogo, ikachanganyika na kinyesi isionekane. Mtu anachoka, anahema akipanda kilima, anapimwa na kukutwa ana upungufu wa damu, anapewa vidonge vya madini chuma. Kwa mjamzito au binti anayeona siku zake, upungufu huo una maelezo mengi. Kwa mwanamume, au kwa mama aliyekwisha kukoma hedhi, lazima iulizwe damu inakwenda wapi. Vidonge peke yake si jibu.

Na kama tumbo limevimba, linauma kwa mawimbi, unatapika, na hakuna choo wala upepo unaotoka, hiyo ni dharura. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Usinywe dawa ya kuharishisha, usipigwe bomba la dawa za mitishamba. Utumbo ulioziba unaweza kupasuka.

Kinachotokea ndani ya utumbo

Ukuta wa ndani wa utumbo mpana hujivua na kujijenga upya kila baada ya siku chache, nne au tano hivi. Kazi hiyo hufanywa na seli mama zinazoishi chini ya vishimo vidogo sana vya ukuta huo. Kila seli inapogawanyika, vinasaba vyake vyote, herufi zipatazo bilioni 6, hunakiliwa upya. Katika kunakili huko makosa hutokea. Mengi hurekebishwa palepale, mengine hubaki na hayana madhara. Hatari huanza pale kosa linapoangukia jeni fulani chache zenye kazi ya kutawala ukuaji.

Aliyetuonyesha mfuatano wa makosa hayo ni Bert Vogelstein, daktari na mtafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani. Mwaka 1988 yeye na wenzake walichunguza vinasaba vya polipu, yaani vivimbe vinavyoota kwenye ukuta wa utumbo, wakavilinganisha na vya saratani zilizokomaa. Polipu ndogo zilikuwa na makosa machache. Kubwa zilikuwa na zaidi. Saratani zilikuwa na mengi kuliko zote. Mwaka 1990, pamoja na Eric Fearon, akaandika maelezo ambayo hadi leo hufundishwa katika vyuo vya udaktari: saratani ya utumbo haizaliwi siku moja, hujengwa kosa juu ya kosa.

Mara nyingi jeni ya kwanza kuharibika ni APC. Kazi yake ni kuizuia seli isiendelee kugawanyika wakati wake umekwisha. Kila mtu ana nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama, na zote mbili lazima ziharibike ndipo kizuizi kiondoke. APC huwa imeharibika katika saratani za utumbo kama 8 kati ya 10. Hapo polipu huchomoza. Baadaye, katika wagonjwa kama 4 kati ya 10, jeni iitwayo KRAS hupata kosa linaloifanya iendelee kutoa amri ya kukua bila kukoma, na polipu hunenepa. Kisha, katika zaidi ya nusu ya saratani hizi, huvunjika TP53, ile inayoisimamisha seli yenye vinasaba vilivyoharibika au kuiamuru ife. Baada ya hapo uvimbe hupenya ukuta wa utumbo, ukaingia kwenye matezi na mishipa ya damu, na mara nyingi kituo chake cha kwanza cha mbali ni ini.

Safari hiyo kutoka polipu hadi saratani kwa kawaida huchukua miaka 10 hivi, wakati mwingine zaidi. Nasisitiza jambo hili kwa sababu ndilo linaloleta matumaini katika ugonjwa unaotisha. Polipu nyingi hazifiki mwisho wa safari. Lakini zile zitakazofika, kwa miaka yote hiyo zinaweza kuonekana kwa kamera na kuondolewa bila kupasuliwa tumbo. Mkulima wa mpunga analielewa hili bila kufundishwa: palizi ya mapema hufanywa kwa saa chache, magugu yakishatoa mbegu shamba zima limeingia hatarini.

Iko njia ya pili. Katika saratani za utumbo kama 15 kati ya 100, kilichoharibika ni wale warekebishaji wenyewe wa makosa ya kunakili, jeni kama MLH1 na MSH2 ambazo ziligunduliwa mwaka 1993 na 1994. Zikiharibika, makosa hurundikana kwa maelfu. Nitairudia njia hii, kwa sababu ina maana kubwa kwa matibabu na kwa watoto wa mgonjwa.

Dona, mbaazi na daktari wa Mulago

Kabla ya vinasaba kusomwa, swali kubwa kuhusu ugonjwa huu liliulizwa Afrika Mashariki. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, alifanya kazi Uganda kuanzia 1946 hadi 1966, miaka mingi ikiwa katika hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1961 alisafiri kwa gari maili 10,000, akipitia Tanganyika, akiuliza hospitali za njiani kuhusu uvimbe wa taya za watoto ambao leo una jina lake. Aliporudi Uingereza aliendelea kuwaandikia madaktari wa hospitali za vijijini barani Afrika, akiuliza ni magonjwa gani wanayaona na yapi hawayaoni. Saratani ya utumbo mpana ilikuwa miongoni mwa yasiyoonekana sana. Burkitt akaitazama sahani ya chakula: nafaka zisizokobolewa, maharage, majani, mizizi. Akasema nyuzinyuzi za chakula ndizo zinazowalinda watu wa vijijini.

Hakuwa sahihi katika kila kitu. Alidhani siri yote ni choo kingi kinachopita haraka. Utafiti wa baadaye umeonyesha jambo la ndani zaidi. Nyuzinyuzi tusizoweza kusaga tumboni hufika utumbo mpana na kuliwa na bakteria wanaoishi humo. Bakteria hao hutoa kitu kiitwacho butireti, ambacho ndicho chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo. Seli yenye afya hukitumia kupata nguvu. Katika maabara, seli ya saratani ikikutana nacho huchelewa kugawanyika na mara nyingi hufa, kwa sababu butireti hubadilisha ni jeni zipi zinazosomwa na zipi zinazofungwa. Nyuzinyuzi basi zinafika hadi kwenye vinasaba.

Mwaka 2015 Stephen O'Keefe wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh alichapisha jaribio ambalo kila mwenye duka la vyakula angefaa kulisikia. Wamarekani 20 wenye asili ya Afrika na Waafrika Kusini 20 wa vijijini walibadilishana vyakula kwa wiki mbili. Wamarekani waliongezewa nyuzinyuzi kutoka gramu 14 hivi kwa siku hadi 55, na mafuta yakapunguzwa. Wa vijijini wakapewa chakula cha Kimarekani. Kwa wiki mbili tu butireti iliongezeka kwa wale na kushuka kwa hawa, na dalili za uchochezi kwenye ukuta wa utumbo zikafuata mkondo huohuo. Mwaka 2025 watafiti wa Moshi na wa Nijmegen, Uholanzi, walitoa matokeo yanayokaribiana kutoka mkoa wa Kilimanjaro, kwa wanaume 77: waliotoka chakula cha asili kwenda chakula cha kizungu walionyesha ongezeko la uchochezi katika damu ndani ya wiki mbili. Utafiti huo haukuhusu saratani moja kwa moja, lakini uchochezi wa muda mrefu ni mmoja wa marafiki wakubwa wa ugonjwa huu.

Kwa jiko la Rudewa, ushauri ni huu. Ugali wa dona una nyuzinyuzi nyingi kuliko wa sembe, kwa sababu ganda na kiini cha hindi havikutupwa. Mbaazi, kunde, choroko na maharage ni hazina. Wilaya ya Kilosa inalima mbaazi nyingi, zisiishie zote kwenye magunia ya kuuza. Mchicha, matembele, majani ya kunde, mlenda, vyote vina kazi. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2011 ulikuta kwamba kila gramu 10 za nyuzinyuzi zilizoongezwa kwa siku ziliambatana na kupungua kwa hatari ya saratani hii kwa takriban asilimia 10. Si kinga kamili. Wapo waliokula dona maisha yao yote na wakaugua.

Tahadhari moja kuhusu dona, na naomba isirukwe. Hindi lililoota ukungu hubeba sumukuvu, na kwa kuwa dona husagwa na ganda lake, sumu nayo inabaki. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Anika mahindi juu ya turubai, yakauke vizuri, chambua yaliyooza au kubadilika rangi, yahifadhi mahali pakavu. Dona la mahindi mabovu si chakula cha afya.

Upande wa kupunguza: nyama zilizosindikwa, kama soseji, ziliwekwa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani mwaka 2015 katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani bila shaka, na nyama nyekundu iliwekwa katika kundi la vinavyoelekea kusababisha. Nyama choma ya sikukuu haina haja ya kukuogopesha. Ya kila jioni ndiyo ya kufikiria. Pombe ya aina yoyote, ya kiwandani au ya kienyeji, huvunjwa mwilini na kuwa kemikali inayoharibu vinasaba. Sigara vivyo hivyo. Uzito mkubwa na kukaa bila kutumia mwili huongeza hatari. Mwenye jembe mkononi ana nafuu hapo kuliko mwenye ofisi.

Kuhusu vijana

Usimwambie mtu wa miaka 32 anayetoka damu kwamba bado mdogo kwa saratani. Duniani kote ugonjwa huu unaongezeka kwa walio chini ya miaka 50, na Marekani mwaka 2021 ilishusha umri wa kuanza uchunguzi kutoka 50 hadi 45. Mwaka 2025 watafiti waliosoma vinasaba vya saratani 981 kutoka nchi 11 walikuta alama za sumu iitwayo kolibaktini, inayotolewa na aina fulani za bakteria wa utumbo, zikiwa nyingi mara 3.3 kwa waliougua kabla ya miaka 40 kuliko kwa waliougua baada ya 70. Huenda madhara hayo huanza utotoni. Katika nchi hizo 11 hakuna hata moja ya Afrika.

Pengo hilo linaniuma, na si la heshima tu. Daktari Olusegun Alatise wa Ile-Ife, Nigeria, na wenzake wa New York waliposoma uvimbe wa wagonjwa wa Kinigeria, wakatoa matokeo mwaka 2021, walikuta takriban 28 kati ya 100 ni wa ile njia ya pili, ya warekebishaji walioharibika. Kiwango hicho ni karibu mara mbili ya kilichozoeleka vitabuni. Mgonjwa wa Afrika anapotibiwa kwa hesabu zilizopigwa kwa miili ya wengine, anaweza kukosa dawa iliyomfaa. Ukiombwa ridhaa kinyama chako, yaani kipande kidogo kilichokatwa kwenye uvimbe, kitumike katika utafiti, uliza maswali yote unayotaka, na kama majibu yanakuridhisha, kubali.

Safari ya kipimo

Kutoka Rudewa hadi Hospitali ya Wilaya Kilosa ni kama kilomita 24. Walio upande wa Mikumi wana hospitali ya Mtakatifu Kizito. Huko utapimwa damu, utapimwa kwa kidole kama bado, na utaandikiwa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Morogoro, au moja kwa moja Muhimbili ikibidi. Tangu 2024 treni ya SGR inasimama Kilosa, hivyo Dar es Salaam na Dodoma zimesogea. Kamwe usiondoke bila barua ya rufaa na kadi ya bima kama unayo, na piga simu kwanza kuuliza kama kipimo cha kamera kinafanyika siku hizo na ni kiasi gani.

Kipimo chenyewe huitwa kolonoskopi. Mrija mwembamba wenye kamera hupitishwa njia ya haja kubwa hadi mwanzo wa utumbo mpana, urefu wa mita 1.5 hivi. Polipu ikionekana, mara nyingi huondolewa hapohapo. Utapewa dawa ya kukutuliza, kwa hiyo njoo na ndugu wa kukurudisha. Siku ya kabla utakunywa vitu vyepesi tu na dawa ya kusafisha utumbo, ambayo itakupeleka chooni mara nyingi sana. Kwa mtu wa Rudewa hili lina maana moja ya lazima: usinywe dawa hiyo nyumbani kisha ukapanda basi. Tafuta pa kulala karibu na hospitali, penye choo cha jirani na maji ya kutosha. Mwambie daktari mapema kama unatumia dawa za kisukari au za kuzuia damu kuganda. Vidonge vya madini chuma husitishwa karibu wiki moja kabla, kwa sababu huufanya uchafu wa utumbo kuwa mweusi na kuficha ukuta.

Kikikutwa kitu cha kutilia shaka, daktari atachukua kinyama. Kinyama hiki ndicho kitakachoamua kila kinachofuata, na ndicho kinachopotezwa kirahisi kuliko vyote. Kinatakiwa kiingie kwenye fomalini, dawa ya kukihifadhi, mara moja. Si maji, si spiriti. Kikichelewa, vinasaba vyake huharibika na hakuna maabara itakayoweza kuvisoma. Ukiombwa kukipeleka mwenyewe maabara ya mbali, hakikisha kopo lina jina lako kamili, namba ya hospitali na sehemu kilikotolewa, na kipeleke siku hiyohiyo, si baada ya mnada wala mavuno. Majibu yakitoka, chukua nakala uitunze. Uliza pia kipande cha nta chenye kinyama chako kimehifadhiwa wapi, kwa sababu kinaweza kupimwa tena baada ya miaka.

Kama jibu ni saratani, muulize daktari maswali mawili ya vinasaba. La kwanza: je, warekebishaji wamepimwa? Uvimbe wa njia ya pili huwa na makosa mengi kiasi kwamba kinga ya mwili huweza kuutambua ikisaidiwa na dawa kama pembrolizumabu, iliyoidhinishwa Marekani kwa uvimbe wa aina hii mwaka 2017. Bei yake iko juu mno kwa familia nyingi, lakini jibu lenyewe lina faida hata bila dawa hiyo, kama utakavyoona kwa watoto. La pili linahusu ugonjwa uliosambaa: je, KRAS imepimwa? Jeni hiyo ikiwa imebadilika, dawa kama setuksimabu haifanyi kazi, na hakuna sababu ya kuuza shamba kuinunua.

Tiba iliyo msingi ni upasuaji. Kwa saratani ya puru, mionzi huongezwa, mara nyingi kabla ya kupasuliwa, na hiyo hupatikana Ocean Road, Dar es Salaam, na Bugando, Mwanza. Dripu na vidonge vya tibakemia hutegemea ugonjwa umefika wapi. Katika nchi zenye matibabu kamili, ugonjwa ukikutwa bado haujatoka kwenye utumbo, wagonjwa kama 9 kati ya 10 huwa hai baada ya miaka 5. Ukikutwa umesambaa mbali, hushuka hadi 1 au 2 kati ya 10. Tofauti hiyo yote ni ya muda.

Wengi huikimbia hospitali kwa kuogopa mfuko wa kinyesi tumboni. Si kila mgonjwa huupata, na kwa wengi ni wa miezi michache mpaka kidonda cha ndani kipone. Wanaobaki nao hulima, hufanya biashara, husali, hukaa na wenzao. Kabla ya kuruhusiwa, hakikisha wewe na mmoja wa nyumbani mmefundishwa kuubadilisha kwa mikono yenu, na muulize muuguzi mifuko mingine itapatikana wapi.

Na watoto

Saratani nyingi za utumbo si za kurithi. Chache ni za kurithi, na katika hizo mzazi mmoja mwenye jeni iliyoharibika ana uwezekano wa nusu kwa nusu kumpa kila mtoto. Anayerithi APC mbovu huota polipu mamia tangu ujana, na asipotibiwa karibu ni hakika atapata saratani. Anayerithi MLH1 au MSH2 mbovu yuko katika hatari kubwa ya saratani ya utumbo, na kwa wanawake ya mji wa mimba pia. Hakuna laana hapo, wala hakuna aliyemloga mwenzake. Nimesikia ukoo ukigawanyika kwa tuhuma za uchawi kwa sababu ndugu watatu walikufa kwa tumbo, na inasikitisha, maana walihitaji kipimo, si mganga.

Katika jimbo la Rasi ya Kaskazini, Afrika Kusini, kundi la mtafiti Raj Ramesar wa Chuo Kikuu cha Cape Town lilifuatilia koo zenye kosa moja la MLH1. Madaktari wakawapelekea kolonoskopi hukohuko kwao, na waliokubali kuchunguzwa mara kwa mara waliishi muda mrefu kuliko waliokataa.

Kwa hiyo ukikutwa na ugonjwa huu, waambie ndugu zako wa tumbo moja na watoto wako. Kanuni inayotumika sana ni kuanza kuchunguzwa katika umri wa miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri ambao ndugu wa karibu aligunduliwa, kinachotangulia. Baba akigunduliwa akiwa na miaka 46, mwanawe aanze akiwa na 36. Katika koo zenye kosa la kurithi huanza mapema zaidi, na daktari atasema lini. Andika katika daftari la nyumbani nani aliugua, sehemu gani, na alikuwa na miaka mingapi, kisha weka nakala ya majibu ya kinyama ndani ya daftari hilo.